Wacheni Kumkanyagia Mtoto Kijahazi Chake

Nikiwa darasa la tano nilienda shule na kijahazi nilichochonga kwa ndara iliyokatika. Mwalimu akakiona, akakikanyaga, akaniambia niwache mchezo nisome sayansi. Miaka baadaye, sekondari, nikakaririshwa kanuni ya Archimedes ubaoni: kitu kikielea, maji kinayoyasukuma kando yana uzito sawa na chenyewe. Nikapata alama zangu. Hakuna aliyeniambia kuwa ndiyo ile ile ya kijahazi.

Sasa twaambiwa mambo yamebadilika. CBC ilianza 2019, mtoto afanye kwa mikono yake. Sawa. Lakini kwa wengi wetu, kazi ya mikono ni mama kutumwa manila na gundi usiku, halafu mama ndiye akate, mtoto atazame. Ukiuliza, unajibiwa, "Maabara hatuna."

Maabara hatuna? Gazi hii? Ghuba iko mlangoni. Watafiti wanatoka ng'ambo kuja kupima mikoko yetu, Mikoko Pamoja iko hapa tangu 2013, na sisi watoto wetu twawafukuza ufuoni eti watachafua sare.

Chukua ndara. Ifunge ndubi za vijiti, zile za pembeni kama za ngalawa, ziwe karibu na mwili. Weka kokoto ukingoni, moja moja, mpaka ipinduke. Hesabu. Sasa sogeza ndubi mbali zaidi, rudia. Kokoto zitaongezeka. Kwa nini? Usimwambie mtoto! Mwache abahatishe, aandike, akosee, arudie. Hiyo ndiyo fizikia, hiyo ndiyo uhandisi, na hujatoa hata shilingi.

Bado wasema ni mchezo? Kule Lamu, Ali Skanda na mafundi wenzake waliunda Flipflopi, jahazi zima la plastiki taka lililofunikwa kwa ndara. Lilishushwa majini 2018, na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ndara hizo hizo.

Na kama hilo halikugusi, kumbuka Mtongwe. Aprili 29, 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka, watu 272 wakafa. Sisemi kijahazi cha ndara kingewaokoa. Nasema mtu aliyehesabu kokoto utotoni, akiona chombo kimejaa, anajua kwa nini asipande. Na akikua akawa ndiye mwenye chombo, hawezi kusema hakujua.

Alama zangu za Archimedes nimeshazisahau. Ile ndara iliyokanyagwa sijaisahau.

Basi mwalimu, mzazi, na wewe kaka mkubwa unayesoma hii umejilaza: ndara mbovu haikosi mlangoni kwenu. Kesho maji yakijaa, mchukue mdogo wako mshuke pwani. Halafu niambie hapo chini: zilifika kokoto ngapi?