Mungu Hakukwambia Usijaze Fomu

Wasee, leo najua mtaninunia. Mimi ni mtoto wa kanisa, wa hapa Bomet, nimelelewa na ibada na majani chai. Kwa hivyo msiniambie sijui ninachosema.

Kuna ugonjwa umetuingia. Matatu ikikuacha stendi, Mungu anasema kitu. Simu ikizima, Mungu anasema kitu. Msichana akivaa nguo ya rangi uliyoota, huyo ndiye bibi yako. Mvua ya mawe ikipiga chai wiki ya harusi, watu wanaanza kunong'ona. Jameni! Nyanda hizi za chai za Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Kama kila mvua ya mawe ni ujumbe, basi mlokole na mlevi wanatumiwa ujumbe mmoja, shamba kwa shamba.

Mimi mwenyewe hii kitu imenigharimu. Mwaka wa pili chuoni karo ilinishinda. Nilikuwa na fomu ya basari, imebaki tu sahihi ya chifu. Nikasema wacha niombe kwanza, nisikie amani moyoni. Nikafunga siku tatu. Nikaota maji machafu. Nikauliza watu wa ushirika, kila mtu akatafsiri kivyake. Tarehe ya mwisho ikapita nikiwa bado natafuta ishara. Niliporudi nyumbani na sanduku langu, unajua waliniambia nini? Eti haikuwa mapenzi ya Mungu. Apana. Ilikuwa uoga wangu, nikauvalisha suti ya Jumapili.

Najua mtaniletea Gideoni na ngozi yake. Soma Waamuzi 6 pole pole. Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi cha kufanya kabla hajatandika ile ngozi. Hakuwa anatafuta mapenzi ya Mungu, alikuwa na wasiwasi tu. Mungu alimvumilia, lakini hakuna mahali alisema sote tufanye hivyo. Halafu fungua Mika 6:8. Yametajwa haki, rehema na unyenyekevu. Rangi ya nguo haimo.

Kogo wangu anaomba kuliko sisi wote. Lakini asubuhi akishasema amina, anabeba kikapu anaenda shambani. Haulizi Mungu aanze na kichaka gani. Anaangalia majani mawili na kichipukizi, anachuma. Anajua akingoja, chai itakomaa, na kituoni karani ataikataa. Hayo macho alipewa na nani, kama si huyo huyo Mungu?

Siwaambii muache kuomba. Mimi bado naomba. Nasema tuache kumsingizia Mungu maamuzi tunayoogopa kufanya wenyewe. Kama uko na fomu hapo mezani, omba, sema amina, halafu simama uende kwa chifu. Ofisi inafungwa jioni.