Kwa Bango la Juni, Mimi Napigia Kura Mistari

Jumamosi tunachagua picha ya bango la tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Nimesoma meseji zote kwenye grupu na naona wengi mmeshaegemea ile picha ya mtoto: miguu peku, bidoni ya njano, macho mekundu. Ni picha nzuri, aliyeipiga anajua kazi. Lakini mimi siipigii kura, na nimeona niseme mapema kwa maandishi, juu pale kwenye mkutano mnajua wenyewe, mwenye sauti kubwa ndiye anashinda.

Kilichonigeuza ni stempu. Ndiyo, stempu za barua, zile kule Goma tulizoea kuita tembre.

Wiki mbili zimepita nilikwenda kumrekebishia simu mzee mmoja jirani yetu, si mbali na Petite Barrière. Mzee huyu alikimbia Nyiragongo Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji wa Goma. Nyumba ikaenda, friji ikaenda, kila kitu. Alichotoka nacho ni klaseri ya stempu aliyoifunga kwenye kitenge cha mke wake. Simu ilipokuwa inachaji akaifungua, akanisukumia kipande cha karatasi kidogo kuliko kiberiti.

“Unaona nani hapo, mwanangu?”

“Sioni mtu, mzee. Naona mti.”

“Basi na wewe umo.”

Sikuelewa mara moja. Ikabidi anieleze. Umoja wa Mataifa ulitangaza Mwaka wa Wakimbizi Duniani, kuanzia Juni 1959 mpaka Juni 1960. Makumi ya nchi zikakubaliana kutoa stempu kwa pamoja tarehe 7 Aprili 1960, tarehe ambayo leo hapa Rwanda ina uzito mwingine kabisa. Nyingi zilitumia alama moja: mwaloni uliong'olewa. Shina, mizizi iko nje, basi. Hakuna uso wa mtu. Mistari michache ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuinakili, na bado ukiitazama unahisi kitu tumboni.

Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na stempu za Ubelgiji za mwaka uleule na kwa ajili ya jambo lilelile. Hizo zina watu: mtoto, mwanamume, mwanamke. Nakubali zimechorwa vizuri. Ila fikirini kidogo. Mwaka ule Ubelgiji ndiyo ilikuwa inatawala pande zote mbili za mpaka huu wetu. Kampeni yenyewe iliwalenga hasa watu waliobaki kwenye kambi za Ulaya tangu vita vya pili vya dunia, pamoja na Wachina wa Hong Kong na Wapalestina. Na wakati huohuo, tangu Novemba 1959, Wanyarwanda walikuwa wanakimbilia Kivu, Uganda, Burundi na Tanganyika. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951 peke yake, mpaka Itifaki ya 1967 ilipokuja kuondoa mpaka huo wa tarehe. Kwa hiyo mama aliyebeba godoro kuelekea Kivu mwaka ule hakuwa ndani ya karatasi, na hakuwa ndani ya zile sura tatu. Kama alikuwa mahali popote, alikuwa ndani ya ule mti.

Hapo ndipo shida yangu na picha ya bidoni ilipo. Ukiweka uso mmoja, umeshachagua mkimbizi ni nani. Kijana anayeuza airtime hapa mjini na kulipa kodi ya nyumba hayumo. Mwalimu aliyekuja na diploma yake kwenye bahasha hayumo. Halafu mfadhili akikutana na sisi tumevaa viatu safi anashangaa, kama vile tumemdanganya.

Na kuna jambo lingine, zito zaidi. Mwenzetu mmoja, jina halihitajiki, alipigwa picha akiwa amefika tu, bado ana matope. Alitia sahihi karatasi ya Kiingereza ambayo hakuisoma. Miezi baadaye uso wake ukawa kwenye bango, kisha kwenye simu za watu ng'ambo, na wale aliokuwa anawakimbia wakajua yuko upande gani wa mpaka. Shirika silitaji, na aliyempiga picha sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini huyu dada alihama nyumba mara mbili juu ya picha moja. Sasa mtoto wetu wa bidoni ana miaka mingapi? Minne? Nani alimuuliza?

Najua dada na kaka wa mashirika mnaosoma hapa mtasema: wafadhili hawaelewi mistari, wanataka kuona mtu. Sikatai, uso unafungua mfuko haraka. Ila ule mti nao ulieleweka nchi nyingi, bila tafsiri.

Mwingine atasema michoro ya aina hiyo ni ya wazungu wenye pesa. Mzee ana jibu lake kwenye klaseri. Kuna stempu za Ruanda-Urundi za 1948 zenye sanamu na vinyago vya kuchonga, na vingi ni vilevile vilivyotolewa kwenye stempu za Kongo ya Wabelgiji. Macho ni mistari miwili, pua pembetatu. Wachoraji wa Paris kama Picasso walivikodolea macho vinyago vya Afrika tangu 1907, wakajifunza kuvunja uso na kuujenga upya. Kwa hiyo hatuazimi kitu cha mtu. Kinachoniuma kwenye stempu hizo ni kwamba jina la koloni lipo, bei ipo, jina la mchongaji halipo.

Tena kuna za Umoja wa Mataifa za 1967, zenye dirisha la kioo la Marc Chagall. Huyu naye alikuwa mkimbizi, alitoka Ufaransa 1941 akaenda Marekani. Dirisha liliwekwa New York 1964 kumkumbuka Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu aliyekufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akihangaikia vita vya Katanga, yaani Kongo yetu. Watu wamo, lakini wanaelea kwenye bluu, huwezi kusema huyu ni fulani wa fulani. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Sasa sisemi tuchore ule mti tena. Mti uliong'olewa ukiuacha hivyo unakauka, na mimi sijakauka. Nilichora kitu usiku, nitakileta. Ni chukudu: duara mbili na mstari mmoja mrefu unaopanda. Mtu wa Goma ataijua hata akiwa usingizini, na asiyeijua ataona tu kitu kinachokwenda. Pembeni nimejaribu pembe kali kama za imigongo, zile za nyeusi, nyeupe na nyekundu zinazotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe kule Nyakarambi, Kirehe, wilaya ileile yenye kambi ya Mahama. Tumepokelewa hapa, kwa hiyo mkono wa mwenyeji nao uonekane. Lakini tutafute mtu wa Kirehe atufundishe kwanza, tusiibe na sisi.

Chini ya bango tuandike majina ya waliochora, kwa anayetaka. Asiyetaka aweke alama yake. Hilo pia tulipigie kura, tusiliache liamuliwe na anayelipia uchapishaji.

Nina rangi nyeusi na nyeupe, nyekundu imeisha. Mwenye nusu kopo aje nalo. Mzee amekubali kuja na klaseri saa nane, ila anasema atakayeigusa kwa mikono yenye mafuta ya sambusa atamtoa nje yeye mwenyewe.