Mlima ni mmoja, kalenda iwe moja

Tarehe 1 Juni 2024, taifa lilipoadhimisha Sikukuu ya Madaraka katika Uwanja wa Masinde Muliro kule Kanduyi, Bungoma, mimi na wenzangu wa chama tulikuwa nje tukiuza ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji. Kaulimbiu ya mwaka huo ilikuwa kilimo na usalama wa chakula, na wakulima tulijiona tumeheshimiwa. Wageni wa Nairobi na Mombasa walikuwa wakiniuliza: mama, Mlima Elgon uko upande gani? Nikawaonyesha mawingu. Mwezi wa sita mlima wetu hujifunika. Walikula, wakalipa, wakapanda mabasi yao. Hakuna aliyekuwa amewapangia hata siku moja ya kufika Kapsokwony au Endebess.

Nilizaliwa Kimilili upande wa Bungoma, nikaolewa Endebess upande wa Trans Nzoia, kwa hiyo mlima huu naujua kwa pande zote mbili. Ukitoka kwangu kwenda kwa mama yangu unashuka Kitale, unashika matatu ya njia ya Webuye, unateremka Kamukuywa, kisha unapanda tena kuelekea Kimilili. Mlima ni uleule. Lakini kaunti ya Trans Nzoia ina mipango yake ya utalii, na Bungoma ina yake. Upande wetu kuna lango la Chorlim la hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968, na pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Mjini Kitale kuna jumba la makumbusho ambalo mzizi wake ni mkusanyiko wa Stoneham wa mwaka 1926. Upande wa Bungoma kuna Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895, na maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia. Mgeni angeweza kuyaona haya yote katika safari moja, kama kaunti hizi mbili zingekuwa na kalenda moja.

Halafu kuna Agosti. Kila mwaka wa namba shufwa Wabukusu hupasha vijana tohara, na wiki nyingi kabla ya hapo utawasikia barabarani na kengele zao za chinyimba mikononi, wakiwaalika wajomba na mashangazi. Kila kijiji hupika. Jirani zetu Wamasaaba, upande wa Uganda wa mlima huuhuu, huzindua tohara yao, Imbalu, pale Mutoto, karibu na Mbale, na watu husafiri kutoka mbali kushuhudia. Wanajua mahali, wanajua mwezi. Sisi kila msimu unatukuta kama hatukuujua, ilhali ulikuwepo kabla ya kaunti.

Nisieleweke vibaya. Sitaki tohara ya wana wetu iuzwe kwa tiketi. Kijana anapopakwa tope la litosi mtoni alfajiri, hapo ni pa familia na ukoo, na kamera ya mgeni haina kazi. Vivyo hivyo mjomba anapomvisha shingoni luliki, kipande cha nyama, baada ya kumchinjia ng'ombe: huo ni undugu unaothibitishwa, na anayestahili kuwepo ni aliyealikwa. Wazee ndio wenye kuweka mpaka, wala si afisa wa utalii. Lakini kuna mengi ya uwanjani ambayo tunaweza kuyafungua kwa fahari: ngoma, mieleka, soko la wimbi na asali, mafundi wa chinyimba, mapishi yetu, na mila za Wasabaoti na Waogiek wa Chepkitale, ambao mlima ni wao kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote.

Na uwanja huo uwe wa wenyeji. Niliwahi kwenda kwenye tamasha moja la utalii nikakuta ada ya kibanda inashinda faida ya siku nzima ya mama wa mboga, na chakula cha wageni wa heshima kimeletwa kutoka mbali kwenye visanduku. Tulikaa nje ya ua na sufuria zetu. Mgeni aliyekuja kuona Elgon alikula wali wa hotelini.

Yazingatiwe pia majira ya shamba. Mwanzoni mwa Juni mahindi yanataka palizi na mbolea ya kukuzia, na hakuna mkulima wa Trans Nzoia atakayeacha shamba kwa siku tatu kwenda kucheza ngoma. Shughuli za Juni ziwe za Jumamosi moja, karibu na soko. Zile kubwa zingoje Agosti, shule zikiwa zimefungwa na watoto wako nyumbani.

Waheshimiwa magavana wa Bungoma na Trans Nzoia, mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Julai. Kaeni meza moja pamoja na wazee wa Wabukusu, Wasabaoti na Waogiek, na wanawake wenye vibanda wawepo. Tangazeni kalenda moja ya mlima, na mtenge pesa za vyoo, maji na barabara ya kufikia uwanjani kabla ya kutenga za mahema ya wakubwa.