MAONI: Programu za maduka ya Kampemba zisifungwe kwa njia moja ya malipo

Mwenye duka wa Bel-Air, katika komini ya Kampemba, hapokei pesa kwa njia moja. Mteja mmoja analipa kwa M-Pesa, mwingine kwa Airtel Money au Orange Money, na wengine wanaleta franka au dola mkononi. Programu inayomhesabia mauzo inapaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo uamuzi mdogo wa mtunga programu unapomgharimu mwenye duka. Katika lugha ya Java, kigeu, yaani jina linaloshika kitu ndani ya programu, hutangazwa pamoja na aina yake. Kikitangazwa kwa klasi yenyewe, tuseme MalipoMPesa, jina hilo linaenea kwenye risiti, kwenye madeni na kwenye hesabu ya jioni. Siku duka likiongeza Orange Money, sehemu zote hizo zinafunguliwa upya, na fundi lazima alipwe.

Kikitangazwa kwa interfasi, yaani orodha ya kazi ambazo klasi inaahidi kufanya, kama kupokea, kuthibitisha na kurudisha pesa, fundi anaandika klasi mpya na kugusa pale tu njia ya malipo inapochaguliwa.

Wakaaji wa Lubumbashi wanaijua kanuni hii bila shule. SNEL ikikata umeme, taa haiulizi kama moto unatoka kwenye jenereta au kwenye paneli za jua. Inachojua ni prizi.

Wazo hili si geni. Erich Gamma na wenzake watatu walilisisitiza mwaka 1994 katika kitabu chao Design Patterns. Mwaka 1998, Java 1.2 ilipoleta List na ArrayList, programu zilizotaja Vector kila mahali zilihitaji kusahihishwa mahali pengi ili zihame.

Kweli, si kila kigeu kinadai hivyo. Orodha inayoishi ndani ya mistari mitano haimdhuru mtu, na interfasi ya kitu kisichobadilika ni mzigo wa bure. Lakini njia za malipo zinabadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia programu, mwenye duka aulize swali moja: tukiongeza njia nyingine ya malipo kesho, sehemu ngapi zitaandikwa upya? Walimu wa informatiki wa Lubumbashi nao waliweke swali hilo kwenye mtihani.