KONA YA UFUNDI: Grisi ikizidi, inavuja

Mwezi huu tunaongea juu ya grisi ya gurudumu la baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita kwetu Kongo.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Mwaka jana mzee jirani aliniomba nimtengenezee gurudumu la mbele, lilikuwa linalia. Nilikuwa na grisi kidogo ya kahawia, nikaomba na nyekundu kwa rafiki, nikachanganya, nikajaza habu mpaka ikafurika. Nikajiona fundi kweli! Siku ya tatu jua lilikuwa kali. Grisi ililainika, ikatoka pembeni ya ekseli, ikafuata spoku mpaka kwenye rimu. Baiskeli zetu hizi za breki za vyuma, mipira ya breki inagusa rimu upande wa ndani, pale pale spoku zinapoingia. Mjukuu wa mzee alikuwa anateremka na madumu mawili ya maji. Akakamata breki, haikushika. Mtoto akaanguka, akavunjika mkono. Nilienda kuomba radhi. Mzee alinisamehe, ila akasema, "Mwalimu, siku nyingine uliza kwanza."

Basi niliuliza mafundi wa sokoni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kuchagua. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na aina ya sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inazuia mafuta yasitiririke. Sabuni za aina mbili zikikutana, mara nyingine zinaachana na grisi inakuwa nyepesi kama uji. Kwa hiyo usichanganye. Rangi si kipimo, ni rangi tu ya kiwanda. Soma kopo: grisi ya lithiamu, namba 2, inatosha kwa baiskeli. Ukinunua ya kupimiwa, ulizia ilitoka kopo gani. Mawese na mafuta ya kupikia hapana! Yanatiririka, yanashika vumbi, na vumbi linakula gololi.

Pili, kuosha. Fungua ekseli, hesabu gololi za kila upande kabla hazijapotea. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, futa na uache vikauke. Grisi mpya juu ya uchafu wa zamani ni kazi bure. Gololi yenye mashimo itupe, na ubadilishe zote za upande huo.

Tatu, kupaka. Weka grisi kwenye njia ya gololi tu, kiasi cha gololi kulala na kushikwa zisidondoke. Panga gololi, paka nyingine kidogo juu. Tundu la katikati usilijaze. Rudisha kile kifuniko cha bati kinachozuia vumbi. Kama kimepinda, kinyooshe taratibu. Kaza koni mpaka gurudumu lisicheze, lakini lizunguke lenyewe. Halafu futa grisi yote iliyotoka nje, na rimu uifute kwa kitambaa kikavu kisafi.

Wenye mikokoteni au pikipiki, magurudumu yenu mengi yana sili ya mpira. Pakeni grisi kidogo kwenye mdomo wa sili kabla ya kuingiza ekseli, na sili yenyewe igongwe taratibu kwa kipande cha ubao ili isiingie upande. Sili iliyochanika ibadilishwe. Kuongeza grisi hakuzibi tundu, na grisi ikijaa sana inaweza kuisukuma sili nje.

Mwisho, kabla ya kumpa mtoto baiskeli, jaribu breki wewe mwenyewe mahali tambarare. Ni dakika moja tu. Mimi sikuifanya.

Mkono wa yule kijana umepona na anaandika vizuri. Mwenye swali anikute shuleni baada ya masomo. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea