Pima Jiko Kabla ya Kununua Sufuria

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu Wamarekani kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kulipa kodi ya serikali kuu. Wapishi wengi wa huko huanza na sufuria ya lita 20 hivi, kisha hutamani kubwa zaidi.

Wana haki. Anayetaka lita 19 za bia ya kimea cha shayiri, kipimo walichokizoea, huanza na takriban lita 25 za maji ya kimea. Saa nzima ya kuchemsha huondoa lita kadhaa kwa mvuke, na kiasi kingine hubaki chini pamoja na machicha ya hopsi. Juu lazima pabaki nafasi ya povu, ambalo hupanda ghafla na kufurika hadi kwenye jiko, likiacha utando unaonata. Lita 30 hubana. Lita 40 ndizo za busara.

Kosa kubwa ni kusahau moto. Majiko mengi ya ndani hutaabika kuchemsha ujazo huo, ndiyo maana wengi huhamia uani na jiko la gesi lenye mwako mkali. Halafu kuna uzito: lita 25 huzidi kilo 25, na kuinua mzigo huo ukiwa unatokota ni kujitafutia majeraha. Bomba la kutolea, lililofungwa chini ya sufuria, lina thamani kuliko mng'aro wowote.

Aluminiamu ni nafuu na hupitisha joto upesi, ila haivumilii sabuni kali. Mwenye uwezo achukue chuma cha pua.