Barua ya kazi ya uhadhiri imefika? Usikimbilie kalamu

UMESOTA miaka ukisaka PhD, umefanya vibarua vya kufundisha katika vyuo viwili vitatu, na sasa chuo kikuu cha umma kimekutumia barua ya ajira. Najua unachowaza: nikiuliza maswali, nafasi itapewa mwingine. Hofu hiyo ina msingi, maana wanaongoja mlangoni ni wengi. Lakini kunyamaza nako kuna gharama, na utailipa kwa miaka.

Kwanza, elewa kisichojadiliwa. Katika vyuo vya umma, mshahara wa msingi na marupurupu ya nyumba hutokana na mkataba wa pamoja, CBA, kati ya vyama kama UASU na mabaraza ya vyuo, kwa ushauri wa Tume ya Mishahara, SRC. Hata uwe fundi wa maneno vipi, mkuu wa idara hawezi kukuongezea shilingi. Chuo cha kibinafsi ni hadithi nyingine. Huko mshahara wenyewe unaweza kuongelewa.

Kinachojadiliwa ni pale unapoanzia. Kila gredi ina ngazi zake ndani. Ukiwekwa ngazi ya chini kabisa ilhali una machapisho na miaka ya kufundisha, pengo hilo litakufuata, kwa sababu nyongeza ya kila mwaka huhesabiwa kutoka pale ulipoanzia. Peleka ushahidi: barua za vyuo ulikofundisha, vyeti na machapisho yako.

Kisha uliza: ajira ni ya kudumu au ya kandarasi? Utafundisha kozi ngapi kwa muhula? Kama hujamaliza PhD, una muda gani wa kumaliza, na je, chuo kitakusaidia na karo?

Majibu yote yaandikwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kandarasi ya miezi 3 au zaidi iwe ya maandishi. Na usidhani hili ni jambo dogo. Mwaka 2025, wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni za CBA ya 2017-2021. Hao walikuwa na mkataba uliotiwa saini na chama cha kuwapigania, na bado walingoja miaka. Wewe utashika nini mkononi ukiambiwa kwa simu, "Wewe anza tu, hayo tutaangalia baadaye"?

Kwa hivyo omba siku chache za kusoma barua. Andika barua pepe fupi, ya heshima: shukuru kwa nafasi, sema unaitaka kazi, kisha taja mambo mawili au matatu unayoomba yafafanuliwe kabla ya kutia saini. Usiandike orodha ya madai kumi, na usitishe kwamba utaenda kwingine kama huna kwingine.

Wakikataa yote, bado unaweza kuichukua kazi. Tofauti ni kwamba utaingia darasani ukijua ulichokubali.